Debe Moja, Kilo Tofauti: Densiti Katika Pwani ya Kilwa na Lindi

Chukua debe la lita 20, lijaze chumvi ya Kilwa, kisha pitisha ubao juu yake hadi libaki mfuto. Lipeleke kwenye mizani: utapata takriban kilo 24. Limwage, ulijaze ufuta, mizani itasoma kilo 12 hivi. Ulijaze mkaa, na pengine hutafika hata kilo 5. Debe ni lile lile. Kilichobadilika ni wingi wa kitu kilichobanwa ndani ya nafasi ile ile, na wingi huo, ukigawanywa kwa nafasi, ndio unaoitwa densiti.

Wengi wetu tulikutana na densiti darasani: gawanya tungamo kwa ujazo, andika jibu, chora mstari chini yake, endelea na swali la pili. Tukapewa zebaki ambayo hatukuwahi kuiona, na kipande cha risasi ambacho mwalimu alikichora ubaoni. Kumbe densiti ni mojawapo ya namba zinazoamua fedha nyingi zaidi katika pwani hii. Mzalishaji wa chumvi anaishi kwayo. Kijiji kinachouza mpingo hakiwezi kufanya hesabu bila yake. Mradi mkubwa wa gesi unaozungumzwa Lindi kwa miaka mingi, ukiuangalia kwa undani, ni mradi wa kubadilisha densiti.

Tuanze na chumvi, maana hapo densiti inaonekana kwa macho.

Wakati wa bamvua, bahari inapojaa sana, maji huingizwa katika bwawa la kwanza na mlango unafungwa. Lita moja ya maji hayo ina uzito wa kilo 1.025 hivi, na ndani yake mna gramu 35 za chumvi za aina mbalimbali. Jua na upepo hunywa maji polepole. Kinachobaki huhamishwa kutoka jaruba hadi jaruba, na kila jaruba lina maji mazito kuliko lililotangulia. Mtu akiyatazama tu haoni tofauti kubwa mpaka mwishoni, maji yanapoanza kuwa na rangi ya waridi kwa sababu ya vijidudu vinavyopenda chumvi kali. Kwa hiyo hutumika haidromita: bomba jembamba la kioo lililozibwa, lina uzito chini ili lisimame wima, na namba zimeandikwa shingoni. Ukiitumbukiza kwenye maji mepesi inazama karibu yote. Ukiitumbukiza kwenye maji mazito inasukumwa juu, shingo ikabaki nje. Unasoma namba pale uso wa maji unapoikata shingo.

Namba hizo mara nyingi ni za nyuzi za Baumé, na historia yake inawahusu wakulima wa chumvi moja kwa moja. Antoine Baumé alikuwa mfamasia wa Ufaransa. Mwaka 1768 alitengeneza kipimo chake kwa njia rahisi: mahali kioo kilipozama katika maji safi aliandika sifuri, na kilipozama katika maji yenye asilimia 15 ya chumvi ya kawaida aliandika 15. Nafasi iliyo katikati akaigawa sawasawa. Ndiyo maana maji ya bahari, yenye chumvi asilimia 3.5 hivi, husoma karibu nyuzi 3.5. Kipimo hiki kilizaliwa ndani ya maji ya chumvi, na mpaka leo hakuna mahali kinapofaa zaidi ya pale.

Safari ya maji kutoka nyuzi 3.5 hadi mwisho ina vituo. Kwanza hutua chokaa. Kuanzia kama nyuzi 13 hutua jasi, ile ile inayotumika viwandani kutengeneza saruji. Kwenye nyuzi 25 na ushee, wakati lita moja ya maji imefikia kilo 1.21, chumvi tunayoila huanza kujenga chembe. Kufikia hapo maji yamepungua hadi karibu sehemu moja ya kumi ya yale yaliyoingia. Mvunaji mwenye kujua hasubiri jaruba likauke kabisa. Akifika nyuzi 29 au 30, lita moja ikiwa na kilo 1.25 hivi, anayatoa maji yaliyobaki, kwa sababu sasa yamejaa chumvi za magnesi. Hizo ni chungu mdomoni, na zikichanganyika na chumvi nzuri huvuta unyevu hewani, gunia likalowa na mnunuzi akalikataa. Kipato chote cha msimu kiko kati ya namba mbili, 1.21 na 1.25. Anayevuna mapema anamwaga mali, na anayechelewa anaiharibu.

Kuna mambo mawili yanayostahili kuangaliwa kwa makini. La kwanza ni joto. Maji yakipashwa hutanuka, na yakitanuka densiti hushuka. Haidromita nyingi zimepimwa kiwandani kwa nyuzijoto 15 au 20, lakini maji ya jaruba saa saba mchana katika msimu wa kiangazi ni moto zaidi ya hapo. Kwa hiyo kipimo cha mchana husoma pungufu kidogo kuliko cha alfajiri, ingawa chumvi iliyomo ni ile ile. Anayepima kila siku saa moja asubuhi anapata namba anazoweza kuzilinganisha. La pili ni mvua. Mvua ya ghafla inayonyesha juu ya jaruba lililokomaa ni hasara, lakini si lazima iwe hasara ya kila kitu. Maji matamu ni mepesi, hivyo kwa muda hukaa juu ya maji ya chumvi bila kuchanganyika sana. Mwenye shamba anayewahi, kabla upepo haujayakoroga, anaweza kufungua sehemu ya juu ya mlango na kuyatoa. Anayoyatoa ni kilo 1 kwa lita. Anayoyalinda ni kilo 1.21. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayomwokoa.

Maji ya bahari kukauka na kuacha chumvi ni jambo la kale sana katika ardhi ya Kilwa. Chini ya bonde la Mandawa mna matabaka manene ya chumvi na jasi yaliyoachwa na bahari iliyokauka katika zama za kale mno, kwa mfuatano ule ule wa majaruba ya leo.

Sasa vizio, maana hapo ndipo wengi hupotea. Maabara hupenda kusema gramu kwa sentimita ya ujazo. Mhandisi husema kilo kwa mita ya ujazo. Dereva wa lori anafikiri kwa tani. Maji safi ni gramu 1 kwa sentimita ya ujazo, ni kilo 1 kwa lita, ni tani 1 kwa mita ya ujazo, na ni kilo 1,000 kwa mita ya ujazo. Vyote vinne ni kitu kimoja. Hii haikutokea kwa bahati. Wafaransa walipotunga mfumo wa metriki mwaka 1795 waliifanya gramu kuwa uzito wa sentimita moja ya ujazo ya maji baridi. Maji yakawa kipimo cha vingine vyote. Kwa hiyo ukiona namba ya densiti chini ya 1 kwa kizio cha kwanza, ujue kitu hicho kinaelea kwenye maji matamu. Ikizidi 1, kinazama. Ukiona 1,250 badala ya 1.25, usishtuke: kizio kimebadilika, kitu hakikubadilika. Makosa mengi ya hesabu za densiti, shuleni na ofisini, ni ya elfu moja iliyosahaulika au iliyoongezwa mara mbili. Namba bila kizio haina maana, na mwalimu anayemnyima mwanafunzi alama kwa kuacha kizio anamtendea haki.

Kwa kipimo hicho cha maji, mpingo ni mti wa ajabu. Gogo lake likitupwa baharini Kilwa Masoko linazama. Mbao kavu ya mpingo ina densiti ya kati ya 1.2 na 1.3, wakati mbao ya mwembe, ambayo mafundi wa pwani huchongea mitumbwi, haifiki hata 0.7. Sababu inapendeza kuifahamu. Ukiondoa nafasi zote za hewa, kuta za seli za mti wowote, uwe mbuyu au msonobari au mpingo, zina densiti ile ile ya karibu 1.5. Miti hutofautiana kwa hewa iliyomo ndani. Mbuyu una nafasi tele, kuta chache. Mpingo umejaza karibu kila nafasi. Umefanya hivyo polepole, kwa miaka sabini, mia moja na zaidi, hadi kiini kikawa cheusi, kigumu, kisichoingiza maji kwa urahisi. Ndiyo sababu watengenezaji wa zumari za Ulaya, klarineti na obo, wanautafuta mpaka leo: tundu lililochongwa ndani yake hubaki na umbo lake hata pumzi yenye unyevu ikipita humo kwa saa nyingi.

Mpingo huuzwa kwa mita ya ujazo na kusafirishwa kwa tani. Mita moja ya ujazo ni tani 1.25 hivi. Lori la tani 10 linajaa uzito likiwa na mita za ujazo 8 tu, na mtu aliye kando ya barabara akiliangalia ataona bodi iko nusu tupu. Lori hilo hilo lingebeba mita za ujazo 20 za mbao nyepesi za msonobari. Wanakijiji wasiojua hesabu hii wanaweza kuambiwa kwamba lori halikujaa, kwa hiyo malipo yawe madogo. Wanaoijua hawadanganyiki.

Na katika wilaya ya Kilwa wapo wanaoijua. Kazi iliyoanza mwaka 1996 kwa utafiti wa wanafunzi wa Cambridge ilikua ikawa shirika la uhifadhi na maendeleo ya mpingo, MCDI, lenye makao Kilwa Masoko. Mwaka 2009 misitu ya vijiji vya Kikole na Kisangi ilipata cheti cha kimataifa cha usimamizi mzuri wa misitu, cha FSC, ikawa misitu ya asili ya kwanza inayosimamiwa na jamii barani Afrika kupata cheti hicho. Nyuma ya cheti hicho kuna kazi ya utepe na daftari: kupima mzingo wa mti, urefu wa gogo, kukokotoa ujazo na kuuandika. Vijiji vilivyozoea kupewa fedha kidogo kwa kila gogo, liwe nene au jembamba, vilianza kudai malipo kwa mita ya ujazo. Kwa maoni yangu hayo ni mapinduzi makubwa kuliko semina nyingi za uwezeshaji tulizowahi kuzisikia.

Mabaharia wa pwani hii nao wana somo lao. Jahazi lenye uzito wa tani 40 likiwa baharini husukuma mita za ujazo 39 hivi za maji. Likiingia kwenye maji matamu, linahitaji kusukuma mita za ujazo 40 kamili. Maana yake linazama zaidi kidogo, na mzigo uliokuwa salama kwenye maji ya chumvi unaweza kulifanya liguse mchanga mdomoni mwa mto.

Wafanyabiashara wa Kilwa Kisiwani walishughulika na mfano mwingine mzito zaidi. Dhahabu ya Sofala ilipita mikononi mwao karne nyingi kabla ya Wareno kuuteka mji huo mwaka 1505. Dhahabu ina densiti ya 19.3, shaba haifiki 9. Ukichanganya shaba ndani ya dhahabu, rangi inaweza kudanganya, densiti haiwezi. Katika ulimwengu huo huo wa biashara ya Bahari ya Hindi na nchi za Kiislamu, al-Biruni alikuwa tayari amelinganisha uzito wa madini na vito vyenye ujazo sawa. Al-Khazini naye, akiandika huko Merv karibu mwaka 1121, alieleza katika kitabu chake kuhusu Mizani ya Hekima namna ya kupima metali ya thamani hewani, kisha ndani ya maji, na kugundua kilichochanganywa bila kuivunja. Elimu hii ni yetu pia, ilipita kwenye maji yetu, na inasikitisha kwamba vitabu vya shule huipitia kama ngano moja ya Mgiriki aliyekuwa akioga.

Ndani zaidi, kaskazini magharibi mwa mji wa Lindi, kuna kilima cha Tendaguru. Kati ya mwaka 1909 na 1913 msafara wa Wajerumani ulichimba hapo mifupa ya dinosaria. Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, na mamia ya watu wa eneo hilo walichimba na kuibeba mifupa hiyo kwa miguu hadi bandari ya Lindi, zaidi ya tani 200 kwa jumla. Mifupa ilikuwa imegeuka mawe, hivyo kila kipande kilikuwa kizito kuliko mfupa wa kawaida wa ukubwa ule. Mnyama mkubwa kuliko wote, anayeitwa Giraffatitan, amesimamishwa katika jumba la makumbusho la Berlin akiwa na kimo cha zaidi ya mita 13.

Alikuwa na uzito gani alipokuwa hai? Mwaka 1962 Edwin Colbert wa Marekani alichukua sanamu ndogo ya mnyama huyo, akapima ujazo wake kwa mchanga, akaukuza hadi ukubwa halisi, akazidisha kwa densiti ya 0.9. Akapata tani 78. Mwaka 2009 Mwingereza Michael Taylor alitumia umbo jembamba zaidi la mita za ujazo 29 hivi, na densiti ya 0.8, kwa kuwa mifupa ya shingo na mgongo ina matundu yanayoonyesha kwamba mnyama alikuwa na mifuko ya hewa kama ya ndege. Akapata tani 23. Ukichukua umbo la Taylor ukampa mnyama densiti ya maji badala ya 0.8, unaongeza karibu tani 6, uzito wa tembo dume mkubwa mzima. Mifupa ni ile ile iliyobebwa kutoka Tendaguru. Kinachobishaniwa ni nyama iliyokuwepo na hewa iliyokuwa ndani yake.

Gesi ndiyo iliyobaki. Songo Songo, kisiwa cha Kilwa, iligunduliwa kuwa na gesi asilia mwaka 1974, na tangu 2004 gesi hiyo husafiri kwa bomba la kilomita 232 hadi Dar es Salaam. Sehemu kubwa yake ni methani, ambayo katika hali ya kawaida ina kilo 0.7 tu kwa mita ya ujazo. Hewa ina kilo 1.2. Ndiyo maana gesi asilia ikivuja hupanda juu na kutoka ukifungua madirisha. Gesi ya mtungi tunayopikia, ile ya kilo 6 au 15, ni tofauti kabisa: ni propani na butani, nzito kuliko hewa kwa karibu mara moja na nusu hadi mara mbili. Ikivuja hushuka sakafuni, ikajikusanya chini ya meza na kwenye kona. Mama anayesikia harufu yake asiwashe taa wala kiberiti. Afungue mlango, aifagilie nje hewa ya sakafuni. Namba mbili za densiti zinaleta maelekezo mawili tofauti ya usalama.

Na gesi ya bahari kuu, ile inayokusudiwa kuletwa kwenye kiwanda kilichopangwa kujengwa Likong'o, nje kidogo ya mji wa Lindi? Kilo 0.7 kwa mita ya ujazo ni kitu chepesi mno kupakia melini. Ukiipoza hadi nyuzijoto 162 chini ya sifuri inageuka kimiminika chenye kilo 450 hivi kwa mita ya ujazo, na nafasi inayohitajika inapungua karibu mara mia sita. Mabilioni yote ya dola yanayotajwa ni gharama ya kununua tofauti hiyo kati ya 0.7 na 450.

Nirudi kwa mkulima, maana huyo hana mhandisi wa kumfanyia hesabu. Zamani pwani ilikuwa na vipimo vya aina tatu na kila mtu alijua kipi ni cha nini: boriti za mikoko zilihesabiwa kwa korija, nafaka zilipimwa kwa kibaba na pishi, pembe za ndovu na karafuu zilipimwa kwa frasila ya ratili 35. Idadi, ujazo, uzito. Taabu huanza pale mmoja anapopima kwa ujazo na mwingine kwa uzito, kisha tofauti ikabaki mfukoni mwa mwerevu. Biashara ya kangomba katika korosho imejengwa juu ya hilo: chombo kinachojazwa nyumbani kwa mkulima mwenye shida, kisha mzigo unauzwa kwa kilo mahali pengine. Lumbesa ni jambo lile lile kwa gunia: mdomo unashonewa nyongeza juu, bei inabaki ya gunia moja. Sheria ya Vipimo inakataza, na gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100, lakini sheria inafanya kazi pale tu mizani inapokuwepo.

Mkulima wa korosho tayari anatumia densiti bila kuiita hivyo. Wataalamu wa kilimo humshauri atumbukize mbegu kwenye maji kabla ya kupanda: zinazoelea zina kasoro ndani, zinazozama ndizo za kupanda. Ni mtihani wa densiti, umefanywa kwa ndoo.

Ningependa walimu wa sayansi wa Kilwa, Lindi na Mtwara waanzie hapo. Kila shule ya pwani inaweza kupata kipande cha mpingo, kipande cha mwembe, korosho za kuelea na za kuzama, chupa ya maji ya bahari na chupa ya maji kutoka jaruba lililokomaa. Haidromita moja ni bei ndogo kuliko madawati mawili. Zebaki inaweza kusubiri.

Na wewe unayevuna ufuta au korosho msimu huu: kabla mnunuzi hajafika na chombo chake, jaza debe lako mfuto, ulipeleke kwenye mizani yenye stika ya Wakala wa Vipimo, uandike kilo zake kwenye karatasi, uziweke mahali unapozifahamu. Mtu akikuambia bei ya debe, igawe kwa namba hiyo, kisha mjibu.